Moshi wa mkaa na kiharusi: mama lishe aanze kubadili nini?

Mhudumu_wa_Jamii

Wakuu, salaam. Naandaa somo la nusu saa kwa mama lishe wa soko moja hapa Dar es Salaam. Wanapika kwa mkaa kuanzia saa kumi alfajiri hadi mchana, kwenye mabanda yaliyozibwa pande tatu. Wengi wanaamini moshi unaumiza macho na kifua tu, na kwamba mkaa ukishakolea hauna madhara kwa sababu moshi hauonekani. Naomba msaada: moshi unafikaje hadi kuleta kiharusi? Majiko ya mkaa yaliyoboreshwa yanatosha? Na mwenye mtaji mdogo aanze na lipi?

Tabibu_Mishipa

Ndugu, anza na takwimu hii, itawashtua kwa faida yao. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi wa majumbani mwaka 2020, na asilimia 23 ya vifo hivyo vilikuwa vya kiharusi. Kiharusi kiliua wengi kuliko nimonia na maambukizi mengine ya mapafu.

Njia yenyewe ni hii. Chembe za PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikromita 2.5, hazinaswi puani wala kooni. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na kuamsha uvimbe wa ndani (inflammation, yaani mwili kujibu kama umejeruhiwa) unaosambaa mwilini kupitia damu. Damu inaganda kwa urahisi zaidi, mishipa inabana, presha inapanda. Kwa miaka mingi mafuta yanajijenga ndani ya kuta za mishipa, ikiwemo ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo. Donge likiziba, ni kiharusi cha kuziba; mshipa uliochoshwa na presha ukipasuka, ni cha kuvuja damu.

Kwa hiyo usitenganishe somo la moshi na somo la presha. Beba mashine ya kupimia. Mtu akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa kupishana dakika moja. Akifika 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, aende kituo cha afya. Mwenye presha asiyetumia dawa, akipikia ndani ya moshi kila siku, ndiye wa kufuatilia kwanza.

Fundi_Majiko

Hilo la mkaa "usio na moshi" lisahihishwe mapema. Chembe nyingi hutoka wakati wa kuwasha, hasa mkaa ukiwa umelowa au una vipande ambavyo havijaiva, na hali inakuwa mbaya zaidi wanapowashia mifuko ya plastiki. Ukishakolea, chembe zinapungua, lakini kaboni monoksidi inaendelea kutoka kwa wingi. Haina rangi wala harufu, na inanyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Kichwa kuuma na kizunguzungu ndani ya banda ni dalili ya kutoka nje mara moja.

Asiye na hela aanze na haya: awashie jiko nje, aliingize moshi ukishaisha, atumie vijiti vikavu badala ya plastiki, afungue pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, na aache uwazi chini ya paa, akae upande upepo unakotokea. Mafuta ya kukaangia yasiachwe hadi yafuke, kwani nayo yanatoa chembe, hata kwenye gesi.

Akipata mtaji, ahamie gesi au umeme. Kinachokwamisha ni maharage: mtu ananunua mtungi, ila maharage na makande yanabaki kwenye mkaa kwa kuhofia gharama, na banda linabaki na moshi uleule. Maharage yalowekwe usiku kucha, yamwagwe maji, yapikwe kwenye jiko la presha la umeme. Kwa kilo moja ni chini ya yuniti moja.

Vipimo_vya_Hewa

Naongezea kwenye swali la jiko lililoboreshwa, maana hapo watu wengi wanapotea. Hatari ya kiharusi haipandi sambamba na moshi. Inapanda kwa kasi hewa ikianza kuchafuka, kisha mwinuko unalegea moshi unapokuwa mwingi sana. Kwa hiyo kushuka kutoka mikrogramu 300 hadi 150 za PM2.5 kwa mita ya ujazo ya hewa kunaokoa kidogo kuliko mtu anavyotarajia; faida kubwa iko huko chini. Kiwango cha WHO tangu 2021 ni 5 kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa saa 24.

Kuna utafiti mkubwa wa gesi uliofanyika Rwanda, India, Guatemala na Peru kwa wajawazito: waliopewa gesi walivuta takriban mikrogramu 24, wenzao wa kuni na mkaa takriban 70. Jiko la mkaa lililoboreshwa linaokoa mkaa, na hilo ni jema, ila usiliuze kama kinga ya kiharusi.

Ukipima, weka kifaa mita 1 kutoka kwenye jiko na mita 1.5 juu, mbali na mlango, saa 24 kamili. Vifaa vya bei nafuu vinazidisha namba unyevu ukiwa juu, na Dar alfajiri unyevu ni mwingi.

Mhudumu_wa_Jamii

Asanteni sana. Mawili yamebaki: barakoa, na mtu akidondokea palepale sokoni?

Tabibu_Mishipa

Kanga mdomoni na barakoa za kitambaa hazizuii chembe hizo. N95 iliyobana vizuri inazuia chembe, lakini kaboni monoksidi inapita.

Kuhusu kiharusi: uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, usemi umevurugika. Dalili moja inatosha kumkimbiza hospitali. Mlaze ubavu akiwa hajitambui. Asipewe maji wala chakula, atapaliwa. Asipewe aspirini, kwa sababu bila CT scan (kipimo cha picha za ubongo) hujui kama ni donge au damu inavuja. Asiongezewe vidonge vya presha. Kumchoma sindano vidoleni, kunakosambazwa kwenye simu, hakusaidii chochote. Apelekwe hospitali yenye CT scan, si duka la dawa, na anayemsindikiza aandike saa ya mwisho alipoonekana mzima: dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4.5 kuanzia hapo.