Mlango wa mvule wa nyumba ya mama, Nakuru: nitie vioo vya rangi au niung'oe wote?

MwanaWaMilimani

Habari zenu. Naomba mnivumilie, nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi.

Nyumba ni ya mama yangu, hapa Milimani, Nakuru. Ni ya mawe ya kuchonga, paa la vigae, na mbele ina baraza lenye kina cha futi 8. Baba aliinunua mwaka 1974, na kwenye jiwe la linta, lile la juu ya mlango, pamechongwa 1937. Mlango wa mbele ni ule ule wa tangu mwanzo: mvule mtupu, futi 7 kwa futi 3 na inchi 2, paneli sita, unene wa inchi moja na robo tatu. Ukifungwa unatoa sauti nzito, kama mtu ametua gunia la mahindi. Sisi watoto tulijua baba amefika kwa sauti hiyo.

Shida ni giza. Ukishaingia kuna korido ya futi 18 isiyo na dirisha hata moja. Zamani mwanga uliingia kwa kioo kilichokuwa juu ya mlango. Kilivunjika nikiwa darasa la sita, kikazibwa kwa plaiwudi mpaka leo. Mama ana miaka 79. Mwezi wa tatu alijikwaa kwenye mkeka hapo koridoni, saa nane mchana, saa nane jamani, akavunjika kifundo cha mkono. Plasta imetolewa, lakini bado akipita pale anashika ukuta.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaja vioo vya rangi. Ana jakaranda yake langoni, aliipanda mwaka walipohamia, na anataka maua yake yawe mlangoni. Basi nikaita fundi. Akautazama mlango dakika mbili, akasema huu ni wa kutupa, nitaleta wa chuma wenye kioo, Sh85,000, na huu wa zamani nitakubebea bure nikuondolee mzigo. Alivyokuwa akiupapasa huku akisema ni wa kutupa, moyo wangu ulikataa. Nilipoondoa rangi kwa kisu nikakuta ubao wa chini, upande wa bawaba, kisu kinazama kama nusu inchi. Kwingine kote hakikwaruzi hata.

Naomba kujua: mlango huu unaweza kutiwa vioo bila kuuharibu? Na usalama je, mama hulala na msaidizi mmoja tu? Mlango unatazama ziwani, yaani kusini.

Seremala_Kibuye

Dada, usimpe mtu huyo mlango wako. Mvule wa unene huo, uliokaushwa ukakaushika, huupati sokoni leo hata ukiwa na pesa mkononi. Mimi niko Kisumu, nimefanya kazi ya mbao miaka 22, na mvule ninaoletewa siku hizi mara nyingi bado ni mbichi. Ukiutengeneza leo, baada ya mvua mbili umejipinda.

Kuoza kwa ubao wa chini ni kawaida. Maji ya mvua hurushwa na upepo, yanakaa kwenye kizingiti, na rangi ya mafuta ikishapasuka inayafungia ndani. Mchwa haupendi mvule, ila maji yaliyofungiwa hayana adabu kwa mbao yoyote. Unatoa ubao ule mmoja, unachonga mwingine wa mvule mkavu, ulimi wake unaingia kwenye tundu la zamani, basi. Mwambie atakayekata ajifunge kitambaa puani, vumbi la mvule linawasha kifua. Na msumeno wake autazame, kwa sababu ndani ya mvule huwa kuna vijiwe vyeupe vigumu vinavyokula meno. Mimi nimeshaharibu misumeno miwili kwa vijiwe hivyo.

Sasa paneli za juu. Sikiliza hapa kwa makini, ndipo watu wanapoua milango. Paneli imekaa ndani ya mfereji, na mfereji una midomo miwili, wa nje na wa ndani. Kata mdomo wa ndani peke yake, kwa patasi, polepole. Wa nje usiuguse. Paneli itatoka nzima, uiweke. Kioo kitakaa kikiegemea mdomo wa nje, halafu unakibana kwa fito nyembamba za mbao upande wa ndani, kwa skrubu. Hivyo mwizi akisimama barazani hana fito ya kung'oa. Fundi akikuwekea fito upande wa nje, amemkaribisha.

RisasiNaKioo

Hongera kwa mama yako, ana jicho. Nafanya vioo vya rangi, zaidi vya makanisa huku Kakamega na Bungoma.

Nimesimama kwenye neno moja: kusini. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua linapita kaskazini ya nyumba yenu, mlango haulioni. Miezi mingine linapita upande wenu, lakini adhuhuri liko karibu na utosi, na baraza la futi 8 linalikata. Kwa hiyo kioo chako kitaishi kwa mwanga wa kuakisiwa kutoka uani. Ukichagua zambarau nzito ya jakaranda jinsi inavyoonekana mtini, ndani ya korido itakuwa nyeusi. Niliwahi kufanya kosa hilo na buluu kwenye kanisa lenye ukumbi mbele, padri akadhani nimeziba dirisha. Chagua zambarau iliyopauka sana, karibu na maji yenye tone la wino, na mandharinyuma yawe kioo cheupe chenye mawimbi. Hicho hupitisha mwanga lakini mtu wa nje haoni uso wa aliye ndani. Kabla hujalipa, omba vipande, uvisimamishe pale pale barazani. Usivichagulie dukani chini ya taa.

Kwa kuunganisha vipande vya kioo cha mlango ningetumia fito za risasi, ile metali laini, zile zenye mfereji pande mbili, kuliko utepe wa shaba. Mlango hupigwa na upepo, na risasi inanyumbuka kidogo. Zikishalehemiwa kwenye maungio, fundi asugue simiti ya mafuta ya kitani na unga wa chaki chini ya midomo ya risasi, aache ikauke wiki mbili kabla ya kubeba. Asiyefanya hivyo anakupa kioo kinachocheza, ukifunga mlango utakisikia kikilia. Kikizidi kimo cha sentimita 45 kitiwe chuma cha kukaza nyuma, kifuate mstari wa tawi kisionekane.

Mbele yake weka kioo kisicho na rangi cha tabaka mbili chenye utando katikati, milimita 6 na kidogo. Kikipigwa kinapasuka lakini hakidondoki. Vumbi la Nakuru utalifuta hapo, si kwenye risasi. Inchi moja na robo tatu ni kama milimita 44, vyote vinaenea. Acheni vitundu viwili vidogo chini upande wa ndani, unyevu utoke. Na risasi ni sumu, mnawe mikono mkishaigusa. Paneli za juu ni mbali na wajukuu wadogo, hilo ni jema.

Jirani_wa_Njoro

Naungana nao, ila mbona hakuna aliyetaja kioo cha juu kilichozibwa? Ningeanza hapo kabla ya kugusa mlango. Pia uliza kama nyumba imetangazwa kuwa turathi. Ikiwa iko chini ya sheria ya makumbusho ya 2006, huwezi kubadilisha bila idhini.

MwanaWaMilimani

Nimerudi, na asanteni sana, kila mmoja. Nyumba haimo kwenye turathi, nimeuliza.

Jirani, Jumamosi nilipanda ngazi nikang'oa plaiwudi. Misumari ilikuwa imekula kutu, ikatoka na vipande vya puti ya zamani, na kwenye kona moja kumebaki kipande cha kioo cha kijani, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kumbe hata kile kilikuwa cha rangi! Mimi sikukumbuka. Mama nilipomwekea mkononi akasema, ndiyo, kulikuwa na majani. Nilimtazama akikigeuza geuza kwenye mwanga na nikashindwa kusema neno.

Nimeziba kwa nailoni nyeupe kwa sasa. Leo asubuhi nimemkuta amevuta kiti koridoni anasoma gazeti, hajashika ukuta.

Basi nimeamua. Juu ya mlango, majani ya kijani kufuata kile kipande. Paneli mbili za juu, maua ya jakaranda yaliyopauka kama ulivyosema. Nne za chini zibaki mvule, na zile mbili zitakazotoka nitazifunga kwa blanketi nizihifadhi stoo. Seremala_Kibuye, unaweza kufika Nakuru wiki ya kwanza ya mwezi ujao? Nauli na malazi ni juu yetu, na mama ameshasema utakula kwake. RisasiNaKioo, nakata kiolezo cha kadibodi kesho, kwa maana nimepima nafasi ya juu na upande wa kushoto umezidi wa kulia kwa robo inchi. Nikutumie kiolezo chenyewe kwa basi, pamoja na kile kipande cha kijani, au nikulinganishie rangi kwa picha? Naogopa kukipoteza.

RisasiNaKioo

Tuma kiolezo tu, na utie alama upande wa nje. Kioo nitakikata milimita 3 pungufu kila upande, mbao ipate pa kuvimba mvua ikija. Kipande usikitume. Nakuja mwenyewe na sampuli zangu za kijani, tuzilinganishe mkononi mwa mama.