Magazeti ya zama za Mjerumani: natafuta "Lushoto", sipati kitu

Mpekuzi_Usambara
Wakuu, nafuatilia maduka na hoteli za Lushoto kabla ya 1914 kwenye Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lile gazeti la Dar es Salaam ambalo maktaba ya Staatsbibliothek zu Berlin imeliweka bure mtandaoni. Nikiandika "Lushoto", patupu. Bei kwenye matangazo nazo zinanichanganya: mara pesa, mara heller (sarafu ndogo za rupia ya wakati ule). Naanzia wapi?

KaratasiKuukuu
Mkuu, Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, na kwenye matoleo ya mwanzo Wilhelmsthal, yenye h. Tafuta zote mbili. Tukuyu ni Neu-Langenburg, Mwanza ni Muansa.

Halafu kuna programu inayosoma picha za kurasa. Kwenye herufi za Fraktur, yaani zile za Kijerumani za kizamani, s ya katikati ya neno ni ndefu kama f, ila mkato wake hauvuki kwenda kulia. Programu haioni tofauti hiyo: Kilossa inageuka "Kiloffa", Usambara "Ufambara". Basi nawe andika kwa makosa hayo hayo. Raha yake uionje mwenyewe!

MzeeWaHeller
Kuhusu bei, angalia mwaka kwanza. Hadi 1904 rupia ilikuwa pesa 64. Baada ya hapo heller 100, na rupia 15 zikalingana na mark 20 za Ujerumani. Rupia 1 na pesa 32 ni moja na nusu kamili. Rupia 1 na heller 32 haifiki hata moja na theluthi.

Na usipoteze muda na kurasa za mbele, siasa tupu. Utamu uko kwenye matangazo. Ila tangazo huweza kurudiwa miezi kadhaa bila kuguswa, kwa hiyo halithibitishi kwamba duka bado lilikuwa wazi wiki ile. Tafuta lilipoanza, lilipobadilishwa neno, na lilipotoweka.

Mpekuzi_Usambara
Shukrani. Kwa hiyo kisanduku cha kutafutia kinatosha?

KaratasiKuukuu
Hakitoshi. Matangazo yana herufi za mapambo na safu zilizobanana, programu huyaruka kabisa. Ukishapata tarehe moja, fungua matoleo ya kabla na baada yake, upekue kwa macho.

Hifadhi ukurasa mzima, usikate kipande tu. Andika tarehe, namba ya toleo, ukurasa na safu. Kama ni kiambatisho (juu pameandikwa Beilage), kitaje, maana kinaweza kuwa na namba zake za kurasa. Ukiandika "uk. 2" peke yake, atakayefuata atafungua ukurasa mwingine kabisa.