Naomba ushauri: niwasikilizishe vipi wazee na vijana albamu ya "Winter in America"?

Mkazi wa Silver Spring aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam alaykum na poleni na majukumu.

Ninaishi Silver Spring, Maryland, pembezoni mwa Washington. Kila mwisho wa mwezi Waswahili wapatao 20 hukutana hapa katika ukumbi mdogo, tukasikiliza albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tukaizungumza. Mwezi huu zamu ni yangu, nami nimechagua "Winter in America" ya wanamuziki wa Marekani Gil Scott-Heron na Brian Jackson, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Strata-East mwezi Mei 1974. Sababu moja ni ya ujirani, kwani ilirekodiwa papa hapa mjini kwetu, katika studio ya D&B Sound, kati ya Septemba na Oktoba 1973. Sababu kubwa zaidi ni kwamba sijapata kusikia kazi nyingine ya muziki wa sol (soul) na jazi inayosema mambo mazito kiasi hicho kwa sauti ya upole kiasi hicho.

Wiki iliyopita niliwaonjesha wachache nyumbani kwangu. Nilipoweka "The Bottle", vijana wawili waliinuka wakaanza kucheza, mmoja akiwa bado ameshika kikombe cha chai, maana filimbi ya wimbo ule haimwachi mtu akae kitini. Mzee mmoja anayekifahamu Kiingereza vizuri aliinamisha kichwa. Ubeti wa kwanza unamhusu baba aliyeacha kazi na kuiweka rehani pete ya ndoa ya mkewe kwa sababu ya ulevi, na kabla haujaisha mzee aliniomba nizime. Baadaye, tukiwa mlangoni, aliniambia kwamba mwanawe yuko vivyo hivyo. Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa naomba ushauri wenu. Je, niwape watu tafsiri ya maneno kabla ya muziki, au niuache muziki utangulie? Je, "The Bottle" niuruke kwa heshima ya mzee yule? Na "H2Ogate Blues", ambao ni zaidi ya dakika 8 za maneno ya kughani kuhusu kashfa ya Watergate iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani, nitawaelezaje vijana wasiomjua? Mwenzangu mmoja ananiambia nichague ama nyimbo laini ama nyimbo za siasa, nisizichanganye.

Mpiga Kinanda alijibu:

Ndugu yangu, kuzitenganisha nyimbo hizo ni kuiua albamu. Chumba kikuu cha studio ile kilikuwa kidogo mno, hata Gil na Brian walipotaka kurekodi kwa pamoja, mmoja wao alilazimika kutoka na kusimama kwenye ujia, palipokuwa na mashine ya maji ya kunywa. Filimbi iliyowainua vijana wako, Brian Jackson aliipigia huko nje. Nyimbo kadhaa hazina ngoma kabisa. Utasikia kinanda cha umeme cha Fender Rhodes na sauti ya mtu, basi. Danny Bowens kwenye besi na Bob Adams kwenye ngoma huingia pale tu wimbo unapohitaji mwendo.

Sikiliza "Your Daddy Loves You" ukiwa umezima taa. Ni baba anayemtazama binti yake akiwa amelala, akikiri kwamba yeye na mama yake wamekuwa na matatizo. Sauti yake haipandi hata mara moja, kwa sababu mtoto ataamka. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoelewa kwa nini albamu nzima ni tulivu: mtu huyu anazungumza na watu wa nyumbani mwake, na hata anapoilaumu nchi yake analaumu kama mtu wa ndani ya nyumba. Ukiondoa nyimbo za familia ukabakiza za siasa, utawapa wasikilizaji hotuba tu.

Nakuomba pia uyataje majina yote mawili. Wengi humtaja Gil peke yake, ilhali hii ndiyo albamu ya kwanza ambayo jalada lake lilimpa Jackson nafasi sawa na mwenzake.

Mama wa Kisauni alijibu:

Mwanangu, sisi tuliolelewa na taarabu hatushangai neno la kuchoma kupitia kwenye sauti tamu, kwa hiyo usiwadharau wazee. Watalisikia hata kabla hujawatafsiria.

Jambo ambalo ningependa ulisimamie ni salamu. Albamu inafunguka kwa "Peace Go with You, Brother", wimbo ambao jina lake linabeba pia maneno ya As-Salaam-Alaikum, na inafungwa kwa wimbo huo huo kurudiwa kwa ufupi. Mswahili hahitaji kuelezwa kwamba salamu hiyo ni ya kuingilia na ni ya kuondokea. Katikati yake anaitwa ndugu aliyefanikiwa kisha akawasahau wenziwe, na mwimbaji anamhesabia udugu wake mmoja mmoja: wewe ni baba yangu, ni mjomba wangu, ni mwanangu. Huko ni kugomba kwa mtu anayependa. Hapo tumia "ndugu", usitumie "kaka", kwa sababu "kaka" litaupunguza ukubwa wa mwito wenyewe.

Na tafadhali usilitafsiri jina la albamu kwa "kipupwe". Kipupwe chetu ni upepo wa kuburudisha baada ya mvua za masika, nao ni msimu ambao watu huusubiri kwa hamu. Huko mliko mnaijua baridi inayoua miti na kufunga milango. Sema "majira ya baridi", kisha waeleze.

Msomaji wa Historia alijibu:

Kuhusu "H2Ogate Blues", wape vijana tarehe tatu tu. Tarehe 17 Juni 1972 watu 5 walikamatwa wakiwa wameingia kinyume cha sheria katika ofisi za chama cha Democratic, kwenye jengo la Watergate. Mei 1974 albamu ikatoka. Tarehe 9 Agosti 1974 Nixon akajiuzulu. Watagundua wenyewe kwamba Gil Scott-Heron alikuwa akiyasema yale wakati mwisho wa kesi haujulikani na mtu yeyote, na rais bado yuko madarakani. Mimi kila nikiusikiliza, vicheko vya watu vinavyosikika ndani yake hunigusa, maana ni vicheko vya watu waliokwisha kuumia.

Kumbuka pia kwamba wimbo wenyewe uitwao "Winter in America" haumo katika toleo la 1974. Ulikuja katika albamu ya 1975, "The First Minute of a New Day". Mtu asije akakaa ukumbini akiusubiri.

Mshauri wa Waraibu alijibu:

Usiuruke "The Bottle", lakini usimshtukize mzee wa watu tena. Nenda kwake kwanza, umweleze ulivyotungwa. Nyuma ya nyumba aliyokuwa akiishi Gil Scott-Heron, eneo la Washington, palikuwa na duka la pombe ambapo watu walipanga foleni asubuhi wakiwa na chupa tupu za jana, ili wapunguziwe bei ya chupa mpya. Aliwaendea akazungumza nao, akakuta kwamba mmoja alikuwa daktari. Daktari huyo yumo katika ubeti wa tatu. Kisha mwishoni mwimbaji anajiweka mwenyewe miongoni mwao, akisema kwamba ukimwona pembeni mwa mtaa mtu aliyekwisha kabisa, huyo ndiye yeye. Mzee alizima kabla ya kufika hapo, kwa hiyo alisikia aibu ya mwanawe bila kumsikia mtu aliyekubali kusimama karibu naye.

Waache vijana wacheze mara ya kwanza. Wape maneno, kisha uuweke tena.

Mkazi wa Silver Spring aliandika:

Shikamoo Mama wa Kisauni, na asanteni nyote. "Kipupwe" nilikuwa nimekwisha kukiandika kwenye karatasi za tafsiri, na leo nimekifuta.

Jana jioni nilikwenda kwa mzee nikamsomea beti zote, pamoja na ule mwisho. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaniomba karatasi, akavaa miwani akausoma upya mwenyewe. Amesema atakuja Jumamosi, na kwamba wimbo usikatwe. Ameomba jambo moja tu, nisimweke karibu na spika.