Naomba ushauri: wanafunzi 14, Addis Ababa na kadi ya njano

Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu sekondari hapa Minnesota, na Juni naleta wanafunzi 14 Arusha na Ngorongoro. Mtihani wa AP (wa kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari Marekani) wa kalkulasi ni Mei, kwa hiyo muda wa kuhangaikia karatasi ni finyu. Pasipoti zina zaidi ya miezi 6, barua za ridhaa za wazazi zina muhuri wa wakili, viza za dola 100 tumeomba mtandaoni.

Kinachonikwamisha ni Addis Ababa: tunasubiri ndege ya kuunganisha kwa muda wa saa 14, na ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye nchi yenye homa ya manjano, Tanzania inadai cheti cha chanjo, yaani kadi ya njano. Nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, si ya kukimbilia dakika za mwisho.

Waliopita KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) karibuni, kadi ilikaguliwa? Nibadilishe tiketi au tuchanje wote?