Chuo cha Marekani kinasema kina ithibati, nitajuaje kama ni ya ukweli?

Nyar_Mamboleo (Kisumu)
Wadau habarini. Niko na mdogo wangu alimaliza KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka jana, sasa badala ya kungoja KUCCPS wampangie chuo hapa Kenya kama wenzake ameingia huko intaneti akaomba chuo cha Marekani, na ndani ya siku mbili wakamtumia barua ya kukubaliwa. Siku mbili jameni, na hata risalti silipi hawajaitisha. Wanataka dola 150 za ada ya maombi kabla ya Ijumaa. Nikawaandikia nikauliza kama wana ithibati, wakanirushia cheti chenye muhuri wa dhahabu kutoka kwa bodi fulani, jina lenyewe refu hivi, "kimataifa" iko ndani na "dunia" pia iko ndani. Mjomba anasema chuo cha huko lazima kiwe na ithibati ya wakala wa kanda, yaani shirika linalokagua vyuo vya eneo lake, lakini ukimuuliza hiyo inapatikana aje anaanza kukohoa. Kwani hawana tume ya vyuo vikuu kama CUE yetu mtu anaweza kupigia simu? Nisaidieni haraka, mama ameshachagua mbuzi wa kupeleka Kiboswa.

Mwalimu_Mstaafu (Njoro)
Binti yangu, mwambie mama arudishe mbuzi zizini kwanza.

Mjomba amesema ukweli ila hajaumaliza. Kwetu mambo ni rahisi, sheria ya vyuo vikuu ya 2012 ilipatia CUE hiyo kazi, chuo cha kibinafsi kinaanza na barua ya muda halafu kikiiva kinapewa chata, yaani kibali kamili. Marekani serikali kuu haikagui chuo kikuu chochote, hilo watu wengi hapa hushindwa kuamini. Vyuo vyenyewe vilijiunga jirani na jirani vikaunda vyama, ndio hao mawakala wa kanda, New England 1885, Middle States 1887, North Central na Southern 1895, na shida iliyowaunganisha ilikuwa ndogo tu, huyu mtoto ametoka sekondari gani na ameiva kuingia chuo ama bado. Ndio maana hata shule za sekondari walikuwa wanazikagua. Serikali ilikuja nyuma kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa inalipia wanajeshi karo, vyuo vya mfukoni vikachipuka kama uyoga kula hizo pesa, ndipo 1952 sheria ikasema serikali itakuwa na orodha ya mawakala inaowaamini. Mpaka leo iko hivyo, wakala anakagua chuo na idara ya elimu inamkagua wakala. Hiyo bodi yako ya dunia muulize yeye nani alimkagua.

Mbale_Hadi_Ohio
Mwalimu amemaliza historia, mimi niongeze vile inafanyika maana nilikuwa karani kwa ofisi ya mkuu wa masomo chuo kimoja kidogo huku, jina naweka kando. Vyuo vingi vya Ohio viko chini ya wakala anaitwa Higher Learning Commission (HLC), wako Chicago.

Kwanza chuo kipya hakiombi ithibati moja kwa moja, kinaonyesha kwamba kinafaa hata kusikilizwa, kina kibali cha jimbo, kina bodi, kina pesa iliyokaguliwa na mhasibu wa nje. Kikipita hapo kinakuwa kama mchumba, miaka kadhaa kinaangaliwa tu. Halafu kinaandika ripoti ya kujichunguza chenyewe, na hapo ndipo nilipojua usingizi ni kitu cha thamani, tuliandika zaidi ya mwaka mzima na kila sentensi lazima iwe na ushahidi nyuma yake. Ukisema "tunasikiliza wanafunzi" wanataka minitsi za mkutano, nani alilalamika, mkabadilisha nini. Mkuu wangu alinituma stoo kutafuta minitsi za miaka minne nyuma, nikazipata kwa katoni ya karatasi za fotokopi, panya ameshaonja kona.

Halafu wanakuja. Mimi nilitarajia watu wa serikali na suti nyeusi, kumbe ni walimu na wakuu wa vyuo vingine, mmoja alikuwa anafundisha baiolojia. Walikaa na wanafunzi peke yao sisi tukiwa nje. Na walichukua faili za walimu wakaanza kusoma transkripti moja moja, maana wakati huo kipimo kilikuwa uwe na masta ya somo unalofundisha, ama masta nyingine yenye angalau krediti 18 za hilo somo. Tulikuwa na mwalimu wa hesabu anapendwa sana, masta yake ilikuwa ya elimu, hesabu zilikuwa 12. Aliondolewa darasani akarudi kusoma, na huyo alikuwa mwalimu wetu bora, bado inaniuma.

Baada ya ziara wanaandika ripoti, uamuzi unafanywa na kamati nyingine kabisa. Na ukipewa si ya milele, HLC ni kila miaka 10 na katikati wanakuchungulia tena. Middle States ni 8. Sasa niambie chuo kinachokubali mtoto kwa siku mbili kilipata wapi subira ya hiyo yote.

Kakamega_Kwetu
Kujichunguza halafu wenzako wakuje, hata CUE inafanya hivyo. Walipokuja kwetu walihesabu viti vya maktaba na wakafungua mifereji ya choo. Wiki moja kabla tulikuwa tumepanda miti, mingine haikuwa na mizizi 😂

Section58 (Nakuru)
Mimi nimeumwa na huyu nyoka. Shemeji yangu alisoma digrii ya "Marekani" mtandaoni miaka miwili, akalipa mpaka akauza pikipiki, kufika wakati wa kutambuliwa hapa Kenya akaambiwa chuo hakijulikani. Wakala alikuwa tovuti tu, nadhani mtu huyohuyo alitengeneza zote mbili. Kumbukeni ile ya Axact Pakistan 2015, walikuwa na mamia ya tovuti za vyuo hewa na mawakala hewa wa kuvisifu.

Dada fanya hivi, idara ya elimu ya Marekani iko na databesi inaitwa DAPIP, andika jina la chuo, ni bure. CHEA, baraza la vyuo vya huko, pia wako na yao. Angalia kama anwani yao inaishia .edu, tangu 2001 hawapeani hiyo kwa chuo bila ithibati inayotambuliwa, ingawa kuna za zamani zilibaki, kwa hivyo usiitegemee peke yake. Na USIU ya Nairobi ilipata ithibati ya wakala wa kanda ya magharibi ya huko, WSCUC, pamoja na ile ya CUE, kwa hivyo hata hapa nyumbani kipimo hicho kimefika.

Mbale_Hadi_Ohio
Sawa kabisa. Jambo moja dogo, tangu Julai 2020 idara ya elimu iliacha kugawanya "wa kanda" na "wa kitaifa", wakala yeyote anaweza kuvuka mipaka. Lakini vyuo vingi bado vinaangalia jina wakati wa kuhamisha krediti. Na kama anataka nasing, ithibati ya chuo haitoshi, kozi yenyewe pia ina wakala wake.

Nyar_Mamboleo (Kisumu)
Asanteni sana, mwalimu Mungu akubariki. DAPIP nimeangalia na mdogo wangu amekaa hapa kando amenuna, hicho chuo hakiko, na bodi yao nayo haiko popote. Tukawaandikia tukauliza wakala wao ametambuliwa na nani na mwaka gani. Wamejibu baada ya dakika kumi: ada imeshuka ni dola 75, ofa inaisha saa sita usiku.