Naomba ushauri: majina ya kadi za mtandao hubadilishana kila kompyuta inapowaka upya

Ndugu wanachama, salamu kutoka Goma. Ofisini kwetu Himbi tuna kompyuta ya Debian 12 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) inayogawa intaneti. Ina kadi mbili za mtandao, na kerneli (kiini cha mfumo) huwashwa kwa net.ifnames=0, yaani kadi hubaki na majina ya kerneli, eth0 na eth1. Kila umeme unapokatika na kurudi (nanyi mnajua jinsi unavyokatika hapa), eth0 na eth1 huweza kubadilishana, na kanuni za nftables (ukuta wa ulinzi wa mtandao) zilizokusudiwa upande wa nje zikaangukia upande wa ndani, jambo ambalo ni hatari kuliko kukosa intaneti.

Niliandika kanuni ya udev (programu inayosimamia vifaa na majina yake) katika faili 70-persistent-net.rules, nikifunga kila jina kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), lakini mara nyingine kadi moja hubaki na jina la muda, rename3. Nadhani jina ninalolitaka huwa limekwisha kushikwa na kadi nyingine.

Je, nikitumia faili za .link (za kuzipa kadi majina) ndani ya /etc/systemd/network, zenye majina ambayo kerneli haitoi yenyewe, kama ndani0 na nje0, mgongano huo utakwisha? Tena, ni lazima kuendesha update-initramfs -u (amri ya kuunda upya initramfs, mfumo mdogo unaotumika mwanzoni mwa kuwaka) kila nibadilishapo faili hizo?