Mrejesho: kutoka KDF hadi kuandika programu

Ndugu zangu, niliuliza kama fundi wa mawasiliano aliyetoka KDF (jeshi la Kenya) anaweza kupata kazi ya kuandika programu Nairobi bila digrii. Nimepata, kampuni ndogo hapa Kilimani, mkataba wa majaribio. Asanteni sana.

Ushauri wa kushika lugha moja ya programu, Python, pekee na kujenga kitu kinachotumika ndio ulionibeba. Nilitengeneza mfumo wa michango ya chama cha mamangu, unaopokea M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Kwenye mahojiano waliuliza kuhusu mfumo huo tu: taarifa ya malipo ikija mara mbili, unafanyaje? Nilishalitatua: nakagua nambari ya muamala kabla ya kuhifadhi.

Maombi niliyotuma Ulaya hayakujibiwa, na mshahara bado haujafikia wa jeshini. Aliyesema wasifu uandikwe kwa lugha ya kiraia, Mungu akubariki. Simu zilianza hapo.